Bwana Mackay na Mialo ya Kusini mwa Nyanza

Watu wengi wakisikia jina la Bwana Alexander Mackay humkumbuka kuwa mtu wa Uganda. Nao hawakosi, kwa maana huko ndiko alikofanya kazi karibu miaka tisa, na huko ndiko mifupa yake ilikozikwa. Lakini sisi wa kusini mwa Nyanza tuna sehemu yetu katika habari zake, tena si sehemu ndogo. Ziwa aliliona kwanza katika kijiji cha Kagei, pwani ya kwetu. Na alipofukuzwa Uganda alirudi kwetu, akakaa katika nchi ya Usambiro hata kufa kwake. Kwa hiyo katika kitabu hiki cha jubilii tumeona vema kueleza maisha yake, tukikawia zaidi mahali ambapo vitabu vingine hupita upesi.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa kasisi, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani tangu utoto. Mtoto alipenda vitabu, lakini alipenda zaidi kwenda kutazama mafundi: mhunzi akipiga chuma, seremala akipiga randa, mashine ikizunguka. Akasoma Edinburgh kazi ya uhandisi, kisha mwaka 1873 akaenda Berlin, akawa mchoraji wa ramani za mashine katika kiwanda. Mshahara ulikuwa mzuri, na njia ya kupanda cheo ilikuwa wazi mbele yake.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti la London lilitoa barua ya Bwana Stanley, aliyekuwa amefika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Barua ile iliomba waalimu waende huko, na hasa watu wenye kujua kazi za mikono. Mwezi uliofuata Mackay aliandikia chama cha C.M.S. akajitoa. Wakachaguliwa watu wanane, naye alikuwa kijana kuliko wote, umri wake miaka 26. Siku ya kuagana aliwaambia wazee wa chama wazi wazi ya kuwa kabla ya miezi sita kupita huenda wakasikia kifo cha mmoja wao, tena wakisikia wasivunjike moyo. Maneno hayo yalitimia upesi. Katika Agosti 1876 mmoja wa wale wanane, Bwana Robertson, akafa Unguja.

Hapa yafaa tueleze Kagei ilikuwa mahali gani, kwa sababu bila kujua hivyo mtu hawezi kuelewa taabu za Mackay.

Kagei iko pwani ya Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Mwanza ya leo. Ilikuwa kijiji cha wavuvi na wakulima wa Usukuma, na mkuu wake aliitwa Kaduma. Kilichoikuza si rutuba ya shamba, bali ni njia. Misafara iliyotoka Unyanyembe, karibu na Tabora, ilipita bara hata ikafika penye maji, na hapo miguu ikawa haina kazi tena. Atakaye kwenda mbele alitaka chombo. Basi wafanya biashara wa pwani wakajenga vibanda vyao Kagei, wakaweka pembe na nguo. Watumwa nao wakaletwa wakangojea kuvushwa au kupelekwa bara. Wapagazi wakalala hapo, wenyeji wakawauzia mtama, samaki na mbuzi. Stanley alifika Februari 1875, akaunga mashua yake pale pale ufukoni, na mmoja wa vijana wake Wazungu, Frederick Barker, akafa akazikwa pale. Kijiji kilikuwa kikila kwa watu wanaongojea.

Na kungojea kulikuwa kwingi. Mitumbwi mikubwa ya ziwa, ile ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, ilikuwa ya Kabaka, nayo haikuja ila kwa amri yake. Mgeni alituma barua Uganda, akakaa wiki hata miezi, asijue kama jibu litakuja. Jahazi lilikuwa la Songoro, mfanya biashara wa pwani, naye alikuwa na bei yake na rafiki zake. Mwenye chombo ndiye aliyekuwa mwenye njia. Mtu aweza kuwa na barua za malkia na mizigo mia, asipopewa kasia hakwenda popote.

Mackay hakufika Kagei pamoja na wenzake wa kwanza. Njiani aliugua sana, na mkuu wa safari, Luteni Shergold Smith, akamrudisha pwani mwishoni mwa 1876. Hakulala. Alipopata nguvu akafyeka njia ya magari ya ng'ombe toka Saadani hata Mpwapwa, maili 230, akikata miti na kuvusha makorongo. Ng'ombe wakafa kwa mbung'o, na magari mengi hayakufaa kitu. Sisi twaona ya kuwa kazi ile ilikuwa kubwa kuliko faida yake. Lakini wakati alipokuwa akishika shoka huko, wenzake ziwani walikuwa wakimalizika. Daktari John Smith akafa Mei 1877. Shergold Smith na Bwana Wilson wakavuka wakafika kwa Mutesa mwisho wa Juni. Kisha Shergold Smith akarudi kusini, naye pamoja na Bwana O'Neill wakawa Ukerewe wakati Songoro alipogombana na mtemi Lukonge. Songoro akawakimbilia. Hawakumtoa. Katika Desemba 1877 wakauawa wote pamoja, Wazungu wawili na Songoro na watu wengi waliokuwa nao.

Ndipo Mackay akaja mbio toka bara, akafika Kagei Juni 1878. Alikuta nini? Kibanda kimejaa mali ya misheni iliyotupwa ovyo: vipande vya mashine ya mvuke, vitabu, herufi za kupigia chapa, misumari, bunduki, dawa, mifuo ya mhunzi, vyote vimechanganyika, kutu imekula chuma na mchwa wamekula karatasi. Mtu mwingine angeketi akalia. Yeye alivua koti, akaanza kuchagua kipande kwa kipande, na baada ya siku kama kumi mashine ya mvuke ilikuwa imesimama mzima. Wenyeji walikuja kutazama. Hata mashua ya misheni, iliyoitwa Daisy, ilikuwa imelala mchangani, mbao zimepasuka kwa jua. Akaitia viraka na kalafati.

Kazi hiyo yaonyesha ufundi wake. Iliyofuata yaonyesha moyo wake. Watu wa Kagei walikuwa katika hofu, kwa maana walidhani Wazungu watakuja kulipiza kisasi Ukerewe, na Lukonge naye alidhani hivyo hivyo. Njia ya ziwa ilikuwa imefungwa kwa damu. Mackay akaamua kwenda kwa Lukonge mwenyewe, bila bunduki. Watu wa Kagei wakamzuia, wakasema ataliwa na kisiwa kama wale wa kwanza. Akaenda. Akakaa siku kadhaa kwa mtemi, akamweleza ya kuwa hakuja kutaka kisasi bali amani, akasikia na upande wa Lukonge katika ule ugomvi wa Songoro. Kisha akarudi salama, na watu waliokuwa wamemhesabu kuwa amekufa wakampokea kwa shangwe. Hatujui mahali pengine katika maisha yake palipokuwa na hatari namna hii, naye akapita pasipo kelele.

Agosti mwaka ule ule aliondoka na Bwana Wilson katika ile Daisy. Dhoruba ikawapiga ikawatupa pwani ya magharibi, upande wa nchi za Bukoba, chombo kimebomoka. Walivuta mashua nchi kavu. Mackay akaitazama, akaona omo na tezi zimeharibika lakini katikati pana mbao nzima. Basi akaikata vipande vitatu, akaondoa kile cha kati, akatumia mbao zake kutengeneza kichwa na mkia, akaviunga pamoja. Mashua ikawa fupi kuliko ilivyokuwa, lakini ikaelea. Kazi ile ilichukua karibu miezi miwili. Wenyeji wa pwani ile, waliokuwa na nafasi ya kuwanyang'anya, waliwaacha salama wakawauzia chakula. Na hilo pia ni haki liandikwe. Novemba 1878 wakafika Uganda.

Kwa habari za Uganda hatutasema yote. Mackay alizungumza Kiswahili, na Mutesa alikifahamu. Hivyo maneno ya Injili yalisomwa barazani kwanza katika Kiswahili, kutoka vitabu vilivyofasiriwa Unguja na Askofu Steere, kabla ya kuwako cha Kiganda. Lugha yetu ilivuka ziwa mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Baadaye akafasiri Kiganda, akachonga herufi, akapiga chapa kurasa ambazo vijana walizinunua na kuzificha nguoni. Waganda wakamwita Mzungu wa kazi. Mwaka 1882 mama yake Mutesa alipokufa, Mackay ndiye aliyetengeneza majeneza yake, moja ndani ya jingine, la nje kubwa kama chumba.

Alikuwa na kosa lake, nasi hatutalificha kwa sababu ya jubilii. Mapadre wa Kifaransa walipofika mwaka 1879, aliwapinga mbele ya Kabaka kwa ukali, nao wakamjibu, na Mutesa akakaa akisikiliza Wazungu wakibishana juu ya Mungu mmoja. Fitina iliyotoka pale iliishi muda mrefu kuliko wao.

Mutesa akafa Oktoba 1884, akatawala Mwanga, kijana mwenye hofu nyingi. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Marko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, wakachomwa moto. Walikamatwa walipokuwa wakifuatana na Mackay na Bwana Ashe kwenda ziwani, kwenye mashua. Lugalama alikuwa mtoto tu. Oktoba mwaka ule Askofu Hannington akauawa Busoga, na Juni 1886 wakafa Namugongo wengi, wa makanisa yote mawili. Mackay alikaa katikati ya hayo, akificha watu usiku, akijua kila asubuhi huenda ikawa zamu yake. Hata Julai 1887, wafanya biashara Waarabu walipomshurutisha Mwanga amwondoe, akafunga nyumba, akashuka pwani, akapanda mashua iitwayo Eleanor, ambayo mwenyewe aliiunga zamani huku kusini kwa vipande vilivyotoka Uingereza. Akaelekeza omo kwetu.

Usambiro ilikuwa kusini kabisa, karibu na mwisho wa ile ghuba nyembamba inayoingia barani toka Mwanza. Msomaji anayetoka Geita kwenda Mwanza aijua ghuba hiyo, kwa maana kwa miaka mingi alisimama Busisi kungojea pantoni, magari yamepanga foleni na akina mama wanauza samaki wa kukaanga na machungwa. Kule nako kulikuwa kijiji kilicholishwa na wanaongojea, mpaka daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Mackay aliichagua nchi ya Usambiro kwa sababu alitaka kuwa karibu na maji lakini mbali na mkono wa Mwanga, na karibu na njia ya Msalala na Unyanyembe, ambako barua na mizigo ilipita.

Hapo akajenga mwalo wa namna nyingine. Alipiga matofali, akajenga nyumba na boma la miti mirefu, akaweka kiwanda cha mhunzi, shimo la kupasulia mbao, banda la mashua na zizi la ng'ombe. Vijana wa Kiganda waliomfuata walisoma asubuhi na kushika nyundo mchana, hata watu wa nchi ile wakajifunza kazi kwa kuwatazama. Hakutaka kijiji cha kuuza pembe na watu. Alitaka mahali ambapo mtu akifika penye maji akute mafundi.

Lakini mauti yalimfuata pale pia. Askofu Parker, aliyeshika mahali pa Hannington, alikuja Usambiro, na Machi 1888 akafa; na Bwana Blackburn alikufa mwezi ule ule. Mackay akawazika. Katika mwaka ule mapinduzi yakatokea Uganda: Mwanga akapinduliwa Septemba, na Oktoba Waislamu wenye nguvu wakawafukuza Wakristo wote. Wamisheni wa Kiingereza na mapadre wa Kifaransa, waliokuwa hawasalimiani vema, wakapakiwa pamoja katika Eleanor ile moja. Njiani kiboko akaitoboa mashua, ikazama karibu na kisiwa, na baadhi ya vijana wakafa maji. Waliobaki wakaitengeneza, wakafika kusini. Mapadre wakaenda kwa wenzao Ukumbi, Waingereza kwa Mackay. Hasira za barazani kwa Mutesa hazikusikika tena sana. Njaa na maji huweza kufundisha adabu.

Na Mwanga mwenyewe? Alikimbia kwa mtumbwi, akafika Magu kwa Waarabu, wakamnyang'anya mali, kisha akapata kimbilio kwa mapadre wa Ukumbi. Yule aliyekuwa mwenye mitumbwi yote sasa alikuwa hana wa kumvusha. Akamwandikia Mackay, aliyemfukuza, akiomba msamaha na msaada. Mackay alimhurumia, lakini hakutaka misheni imrudishe mfalme kwa vita. Aliyemvusha Mwanga mwaka 1889 alikuwa Charles Stokes, aliyewahi kuwa wa misheni naye, kisha akawa mfanya biashara ya pembe na bunduki, mwenye jahazi lake. Tunaona tena ya kuwa mwenye chombo ndiye mwenye njia.

Agosti 1889 Stanley akatokea na Emin Pasha na msafara wa mamia ya watu, wamechoka, wengi wagonjwa. Wakapumzika Usambiro karibu siku ishirini. Walikula mkate, wakanywa kahawa, wakaona vitabu vimejaa ukutani na banda la mashua lenye kazi. Stanley alikuwa ameona Wazungu wengi katika Afrika, naye baadaye aliandika ya kuwa tangu Livingstone hajaona mmisheni kama huyu. Akamsihi aondoke naye apumzike kwao, maana ilikuwa miaka kumi na mitatu bila kuiona nchi yake. Mackay akakataa: hakuna aliyefika kushika mahali pake, tena mashua haijaisha.

Mashua ile ndiyo iliyokuwa moyoni mwake. Alikusudia iende kwa mvuke, isitegemee makasia ya Kabaka wala upepo wala jahazi la mtu. Miti mikubwa ilikuwa mbali, basi akatengeneza gari la magurudumu la kuvutia magogo, akapasua mbao mwenyewe na vijana wake, akasimamisha mkuku na mataruma, akatengeneza birika la mvuke lililoharibika njiani. Na katika siku hizo hizo aliandika Ulaya akishauri ya kuwa dawa ya kweli ya biashara ya watumwa ni reli toka pwani hata ziwani, kwa sababu maadamu mzigo wachukuliwa kichwani, daima atapatikana mtu wa kumfanya mwenziwe kuwa mnyama wa mizigo. Wengi waliona ni ndoto ya fundi.

Mwanzo wa Februari 1890 Bwana Deekes, aliyekuwa naye, alikuwa mgonjwa, na ilikwisha kuamuliwa arudi Uingereza. Asubuhi ya safari wapagazi wamekwisha kufika, Mackay akashikwa na homa. Deekes hakuondoka. Kwa siku chache homa ilipanda, mgonjwa akapoteza fahamu, na kanisa hukumbuka kufa kwake tarehe 8 Februari. Umri wake ulikuwa miaka 40. Vijana wa Kiganda na watu wa Usambiro wakachonga jeneza kwa zile mbao zilizopasuliwa kwa mashua, wakamzika karibu na Askofu Parker.

Mwishoni mwa mwaka ule Askofu Tucker alifika Usambiro na watu wapya, na baadhi yao wakazikwa pale pale kabla ya kuvuka. Kisha kituo kikaachwa. Kazi ya C.M.S. upande wa kusini ikabaki Nasa, nayo mwaka 1909 ikakabidhiwa misheni nyingine, A.I.M. Mwanza ikajengwa na Wajerumani, meli zikaja, na misafara ikaacha kushuka Kagei. Kijiji kikarudi kuwa cha wavuvi. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro ikapelekwa Uganda, ikazikwa Namirembe penye kanisa kuu. Mwaka uliofuata, 1928, reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza, ikasimama penye maji.